Mto Uliopimwa kwa Kadi Nyeupe

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kusimama juu ya daraja la mji baada ya mvua kubwa, ukatazama chini. Maji uliyoyaona hayakuwa yale yaliyotoka mawinguni. Mvua huanguka ikiwa safi, au karibu na safi; lakini ikishuka juu ya mabati, ikapita barabarani, sokoni, katika gereji na majaani, huokota kila ilichokikuta njiani: vumbi, mafuta ya magari, kinyesi cha wanyama, maganda ya matunda, na chembe za mipira ya magurudumu. Hufika mtoni imebeba mzigo wa mji mzima. Watu wakiona hivyo husema, "Mto umechafuka." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Umechafuka kiasi gani? Tangu lini? Kwa mvua ipi, na kutoka mfereji upi? Asiyeweza kujibu maswali hayo anaweza kulalamika tu, kuponya hawezi.

Nataka kukusimulia habari za mji mmoja uliojifunza kuyajibu maswali hayo polepole, kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu, na kwa gharama kubwa ya roho za watu. Mji huo ni London, na mto wake ni Thames. Usidhani nimeuchagua kwa kuwa ni mji wa kuigwa katika kila jambo. Makosa yake yalikuwa mengi, na katika makosa hayo ndimo yalimo mafunzo ninayotaka uyachukue.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mifereji ya London ilikusudiwa kupitisha maji ya mvua. Uchafu wa watu uliwekwa katika mashimo yaliyochimbwa chini ya nyumba au kando yake, na palikuwa na watu waliofanya kazi ya kuyazoa mashimo hayo usiku na kuupeleka uchafu mashambani ukawe mbolea. Ilikuwa kazi ya kunuka, lakini iliunusuru mto. Kisha vyoo vya kuvuta maji vikapendwa, na mashimo yakawa yanajaa upesi kuliko yalivyoweza kuzolewa. Mwaka 1815 watu wakaruhusiwa kuunganisha nyumba zao na mifereji ya mvua. Katika miaka iliyofuata 1847 ruhusa ile ikageuka kuwa amri, na katika muda wa miaka michache mashimo yapatayo 30,000 yakafukiwa. Hivyo njia iliyojengwa kwa ajili ya mvua ikawa njia ya kinyesi, na mwisho wa njia hiyo ulikuwa mto.

Kumbuka mambo mawili. La kwanza, mwaka 1851 London ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, na wengi wao walikunywa maji yaliyovutwa kutoka mto ule ule. La pili, Thames mjini London hujaa na kupwa kama ghuba ya bahari. Ukiwa mtoto wa pwani huhitaji kuelezwa maana yake. Uchafu ulioteremka na maji kupwa ulirudi na maji kujaa, ukapita chini ya madaraja yale yale mara kwa mara kabla ya kufika baharini. Kipindupindu kilichofika mwaka 1848 na kuendelea 1849 kiliua watu wapatao 14,000 katika mji huo, na kilichofuata, cha 1853 na 1854, kikachukua wengine zaidi ya 10,000. Wataalamu wengi wa wakati ule walisadiki kwamba ugonjwa huenezwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alionyesha mwaka 1854, kwa kuhesabu wafu nyumba kwa nyumba na kisima kwa kisima, kwamba ugonjwa ulikuwa katika maji. Wachache walimwamini.

Sasa mtazame mtu mwingine. Tarehe 7 Julai 1855, Michael Faraday, bingwa wa elimu ya umeme aliyejulikana dunia nzima, alikuwa akisafiri kwa meli ndogo ya moshi katika mto huo, kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana. Maji yalikuwa yamepwa. Harufu ilimkera, na rangi ya maji ilikuwa ya kahawia iliyofifia. Mtu mwingine angeziba pua akanyamaza. Faraday alitoa kadi nyeupe alizokuwa nazo, akazichana vipande, akavilowanisha ili vizame upesi, kisha akavidondosha majini kila meli ilipofika gatini. Jua lilikuwa likiwaka. Hata hivyo, kabla kipande hakijazama kiasi cha inchi moja, kilikuwa kimekwisha kupotea machoni. Vipande vilivyoingia kwa ubavu, sehemu yao ya chini haikuonekana tena ilhali ya juu bado i nje ya maji. Siku ile ile aliandika barua kwa gazeti la *The Times*, akaeleza alivyofanya na alivyoona, akaonya kwamba mto ule umekuwa mfereji wa uchafu na kwamba kuupuuza kutaleta majuto katika msimu wa joto.

Pima ukubwa wa tendo hilo. Hakuwa na chombo cha fedha nyingi, wala hakutumwa na serikali. Alikuwa na karatasi, macho yake, na tabia ya kutosema jambo kabla ya kulijaribu. Maelfu ya watu walipita mtoni siku ile na kusema kwamba maji ni machafu. Yeye alisema ni machafu kiasi cha inchi moja. Kauli ya wale inaweza kubishwa na mwenye kupenda ubishi. Kauli yake mtu angeweza kuijaribu mwenyewe kesho yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1865, padre na mwanafalaki wa Kiitalia aitwaye Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kupima kina ambapo jicho huipoteza. Sahani ya Secchi hutumiwa na wataalamu wa maziwa na bahari mpaka leo.

Je, London ilimsikiliza Faraday? Haikumsikiliza. Ilingoja miaka mitatu. Kiangazi cha mwaka 1858 kilikuwa cha joto kali, maji yakapungua, uchafu ukachacha kingoni, na harufu ikawa haivumiliki. Waingereza waliuita msimu ule Uvundo Mkuu. Jengo la Bunge liko ukingoni mwa mto, na mapazia yake yalilowekwa dawa ya chokaa ili kuizuia harufu isiingie, lakini iliingia. Wabunge waliokuwa wakibishana juu ya gharama kwa miaka mingi sasa walipitisha sheria katika muda wa siku 18. Hapa pana fundisho la uchungu. Vifo vya maelfu ya maskini havikuliamsha Bunge kama lilivyoamshwa na pua za wabunge wenyewe.

Kazi alipewa mhandisi Joseph Bazalgette. Alijenga mifereji mikuu ya matofali chini ya ardhi, urefu wake wote kilomita 132, ikienda sambamba na mto kila upande. Mifereji hiyo iliipokea mifereji ya zamani kabla haijafika mtoni, ikayachukua maji yake mpaka mashariki ya mji, Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Kituo cha Crossness kilifunguliwa mwaka 1865, na kazi kwa jumla ikakamilika yapata mwaka 1875. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, na kikaua zaidi sehemu ya mashariki ambayo mifereji mipya ilikuwa haijaifikia. Baada ya hapo hakikuushika tena mji ule kama zamani. Kwa hiyo Bazalgette anastahili heshima.

Lakini, msomaji, sifa za mtu zisitufumbe macho tusione mipaka ya kazi yake. Mipaka ilikuwa miwili. Wa kwanza ni kwamba uchafu haukusafishwa, ulihamishwa. Uliachiliwa mtoni chini ya mji, ukawa shida ya watu wengine. Mwezi wa Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo *Princess Alice* iligongwa na meli nyingine karibu na mahali hapo, ikazama. Watu wapatao 650 walikufa, katika maji yaliyokuwa yamejaa uchafu ulioachiliwa muda mfupi kabla ya msiba. Kuanzia mwaka 1887 tope la uchafu lilipakiwa katika meli na kutupwa baharini, desturi iliyodumu mpaka mwaka 1998. Mpaka wa pili ndio unaotuhusu zaidi, nao ni mvua.

Mifereji ya Bazalgette ilipokea vyote pamoja: maji machafu ya nyumbani na maji ya mvua ya barabarani, katika bomba moja. Siku ya ukavu bomba lilitosha. Lakini ikinyesha mvua kubwa, maji huzidi kipimo cha bomba. Na kama hayakupewa pa kutokea yatarudi nyuma na kuingia majumbani. Kwa hiyo palijengwa milango ya kupunguzia maji, ili bomba likijaa, kilichozidi kimwagike mtoni. Mlango huo ulikusudiwa kutumika kwa nadra. Mji ukaendelea kukua. Bustani zikafunikwa kwa lami na saruji, na mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo ikawa inakimbilia mferejini. Mwanzoni mwa karne ya 21 milango mingine ilikuwa ikifunguka karibu kila wiki, na mvua ya milimita chache tu ilitosha kuifungua. Mvua, ambayo kwetu ni baraka, ikawa ndiyo ishara ya uchafu kutoka.

Wakati huo elimu ya kupima nayo ilikuwa imekua. Kadi ya Faraday huonyesha takataka zinazoonekana, lakini maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Vijidudu vinavyokula uchafu huitumia oksijeni hiyo hiyo. Uchafu ukizidi, vijidudu huongezeka, oksijeni huisha, na samaki hukosa pumzi wakiwa ndani ya maji. Mwaka 1888 mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, alivumbua njia ya kuipima oksijeni hiyo. Mwaka 1898 serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza uchafu wa mito, na katika ripoti yake ya nane, mwaka 1912, tume ilitoa kipimo ambacho dunia imekishika tangu hapo. Chukua maji, pima oksijeni yake, yafungie chupani gizani kwa siku tano, kisha pima tena. Oksijeni iliyopotea ndiyo deni la uchafu ule. Tume ikasema kwamba maji yanayotoka katika kituo cha kusafishia yasidai zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita, wala yasiwe na chembe zinazoelea zaidi ya miligramu 30, ikiwa mto unaoyapokea una maji mengi ya kuyazimua. Kwa mara ya kwanza hakimu, mhandisi na mwenye kiwanda waliweza kubishana juu ya namba moja.

Namba peke yake haisafishi. Baada ya vita vya pili vya dunia Thames ilikuwa mahututi, na mwaka 1957 wataalamu wa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe mjini London walitangaza kwamba katika sehemu ya mto ipitayo mjini hakuna uhai wa samaki. Kibiolojia mto umekufa. Lakini namba ndizo zilizoonyesha pa kuanzia. Katika miaka ya 1960 na 1970 vituo vya Crossness na Beckton vilijengwa upya ili visafishe kweli kweli. Na hapa walipata shahidi asiyetarajiwa. Vituo vya umeme vilivuta maji ya mto kupoza mitambo yao, na katika wavu wa kuzuia takataka walikwama samaki. Kuanzia miaka ya 1960 samaki hao walihesabiwa, aina kwa aina. Mwaka 1974 alipatikana samaki aina ya salmoni, ambaye hakuwa ameonekana mtoni humo kwa zaidi ya miaka 100. Samaki yule hakusoma ripoti ya serikali, wala hakuweza kuhongwa. Kuwapo kwake kulikuwa ushahidi.

Hata hivyo mvua iliendelea kudai haki yake. Mwezi wa Agosti 2004 mvua ya ghafula ilinyesha London wakati wa joto, milango ya kupunguzia maji ikafunguka, mamia ya maelfu ya tani za maji machafu yakamwagika kwa muda mfupi, na maelfu ya samaki wakaelea wamekufa. Zilikuwapo meli maalumu za kupulizia oksijeni mtoni siku za hatari, zikiongozwa na vyombo vilivyofungwa mtoni kupima oksijeni wakati wote. Lakini hizo zilikuwa kama kumpepea mgonjwa. Dawa ilikuwa kuyazuia maji yasimwagike. Kuanzia mwaka 2016 likachimbwa handaki jipya chini ya mto, urefu wake kilomita 25 na upana wake zaidi ya mita saba, kupokea maji ya milango iliyo mibaya zaidi. Milango yote iliyokusudiwa iliunganishwa mwezi wa Februari 2025, miaka 170 baada ya kadi za Faraday.

Na katika nchi nzima ya Uingereza ilitokea hadithi ya namna hiyo hiyo. Milango ya kupunguzia maji ilikuwa zaidi ya 14,000, na kwa miaka mingi mingi katika hiyo haikuwa na chombo cha kuonyesha inafunguka lini. Mwaka 2013 serikali iliyataka makampuni ya maji yafunge vyombo hivyo, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 kila mlango ulikuwa nacho. Hesabu ya mwaka huo ilipotolewa, watu walishtuka: maji machafu yalimwagika kwa jumla ya saa milioni 3.6. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa. Tazama vizuri, lakini: chombo kile huonyesha muda mlango uliokaa wazi, hakionyeshi kiasi cha maji yaliyopita. Kipimo nacho kina ulimi wake, na msomaji mwerevu huuliza kimepima nini na kimeacha nini.

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 reli ilipofika penye kinamasi, na jina lake limetoka katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapokea mito ya Mathare na Ngong, ukaungana na Athi, na maji yake hufika bahari ya Hindi kwa jina la Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Kwa hiyo kinachotupwa mtaroni Nairobi hakimalizi safari yake Nairobi. Mji huo haukufuata desturi ya bomba moja; mitaro ya mvua ilitengwa na mabomba ya maji machafu. Lakini mtaro wa mvua humwaga mtoni moja kwa moja bila kusafishwa, na penye bomba lililopasuka, au penye mtaa usiofikiwa na bomba, vitu viwili vilivyotengwa katika ramani hukutana katika ardhi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka mpaka wa miligramu 30 kwa lita kwa deni la oksijeni, kwa kipimo kile kile cha siku tano. Namba tunayo, basi. Linalobaki ni kuipima mara kwa mara, na hasa kuipima siku zinazostahili.

Siku zipi? Hapo ndipo hekima ilipo. Ukipima mto siku ya ukavu tu utaona nusu ya habari. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kama ile ya mwezi wa Machi, ndiyo huosha uchafu uliolala barabarani kwa wiki nyingi, na mara nyingi maji ya dakika za mwanzo ni machafu kuliko yote yatakayofuata. Ukichelewa saa mbili, shahidi amekwisha kwenda zake.

Darasa lako linaweza kuanza kesho. Chukueni chupa za kioo zilizo sawa. Mkiwa na mwalimu, teremsheni chupa kwa kamba kutoka mahali salama, wala msiingie mtoni. Jazeni moja siku ya ukavu, moja mvua inapoanza, na moja siku ya pili yake. Wekeni karatasi yenye maandishi nyuma ya kila chupa, mwone kama inasomeka. Andikeni tarehe, saa, mahali, na mvua ilivyokuwa. Rudieni msimu hadi msimu bila kuruka. Wengine wakisema kwamba mto umekuwa hivyo siku zote, ninyi mtafungua daftari.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. London iliyaficha maradhi yake chini ya ardhi, kisha ikayahamishia mashariki, kisha ikayatupa baharini. Na kila mara mvua iliyarudisha mbele ya macho. Tiba ilianza kila mara mtu mmoja alipokubali kutazama, kuhesabu, na kuandika alichokiona bila kukipunguza wala kukiongeza. Kadi za Faraday zilizama siku ile ile. Alichokiandika kinasomwa mpaka leo.